Taa Zinawaka, Soketi Zimekufa: Umeme Unavyopita Ndani ya Trela la Kulala

Simu iliingia saa mbili usiku, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Aliyepiga ni dada mmoja nesi, mzaliwa wa Mombasa, anayefanya kazi za mkataba wa wiki 13 katika hospitali mbalimbali hapa Texas. Nyumba yake ni trela analolivuta kwa pikapu kila mkataba unapokwisha.

"Kaka, soketi za jikoni zimekufa zote mbili. Birika halichemki, blenda haizunguki. Lakini umeme upo, taa zinawaka. Nimeshanunua soketi mpya. Nikungoje uje, au nijaribu mwenyewe?"

Nilimwambia aiweke bisibisi mezani. Kisha nikamuuliza, "Mikrowevu inaonyesha saa?"

Akanyamaza kidogo, nadhani alikwenda kuangalia. "Inaonyesha."

"Basi umeme wa nje umefika ndani. Umekwama njiani tu."

Swali kama lake halikosekani kila Waswahili wa huku wanapokutana, na majibu huwa mengi kuliko watu. Mmoja atasema ni betri, mwingine ni fyuzi, wa tatu atakwambia ununue soketi mpya, wa nne ataapa kwamba trela linatumia volti 240. Kila mmoja ana kipande cha ukweli alichotoka nacho nyumbani, na kipande hicho ndicho kinachompoteza. Soketi iliyonyamaza mara chache huwa ndiyo iliyoharibika. Umeme umesafiri kutoka nje hadi pale, ukapita milango mitano au sita, na mmoja umefungwa. Kazi yako ni kuujua ni upi kabla hujafungua skrubu hata moja.

Kwanza tuelewane maneno. Trela ninalolisema si lile la semi linalobeba makontena kutoka bandarini. Ni nyumba ndogo juu ya magurudumu: kitanda, jiko la gesi, bafu, friji, na kiyoyozi juu ya paa. Halina injini, linakokotwa. Ukifika kambini unaliegesha mbele ya nguzo fupi, kimo cha kiuno, yenye breka na soketi kubwa. Unachomeka hapo waya mnene unaotoka ubavuni mwa trela, na huo ndio mlango wa umeme wa nje. Breka ni ile swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Laivu ni waya unaoleta umeme, nyutro ni unaourudisha. Athi ni njia ya dharura: haina kazi mwaka mzima, mpaka siku umeme unapotoroka na kutafuta pa kupitia.

Soketi ni soketi, ila ya Marekani kwa kawaida haina swichi pembeni kama zetu. Huwezi kuiangalia ukajua kama imewashwa.

Maji ya bomba na maji ya simtanki

Sentensi iliyompoteza yule dada ni hii: "Umeme upo, taa zinawaka." Kwa nyumba ya Kimara au Likoni ingekuwa hoja nzuri. Ndani ya trela haithibitishi chochote, kwa sababu humo mna umeme wa aina mbili unaoishi pamoja bila kuchanganyika.

Fikiria nyumba yenye maji ya bomba na simtanki juu ya mnara. Jikoni kuna bomba linalotoka moja kwa moja kwenye mfereji wa mtaa. Bafuni maji yanatoka kwenye tanki. Siku mtaa ukikatiwa maji, bafuni mtaoga kama kawaida siku mbili tatu, na mtoto atakuja kukwambia "baba, maji yapo". Yapo kweli, lakini ni ya tanki.

Trela liko hivyohivyo. Tanki lake ni betri ya volti 12. Hiyo ndiyo inayowasha taa, pampu ya maji, feni ya bafuni, kengele ya gesi, na bodi ndogo ya friji. Mfereji wa mtaa ni umeme wa nguzoni, volti 120, na huo ndio unaokwenda kwenye soketi, mikrowevu na kiyoyozi. Katikati kuna kifaa kinachoitwa konvata. Kazi yake ni kuchukua volti 120, kuzishusha kuwa 12, kulisha taa na kuijaza betri. Ni ile pampu inayopandisha maji ya bomba kwenye simtanki.

Kwa hiyo unaweza kuchomoa waya wa nguzoni kabisa na taa zikaendelea kuwaka hadi usiku wa manane. Friji nayo itakudanganya: nyingi za trela zinaweza kupoza kwa gesi, na umeme wa nje ukikatika zinahamia kwenye gesi bila kukuaga. Ndiyo maana nikauliza saa ya mikrowevu. Mikrowevu haijui volti 12 ni nini. Namba zake zikiwaka, umeme wa nguzoni umeingia ndani. Zikizimika, acha soketi na utoke nje ukaangalie nguzo.

Hapa watu wa kwetu huniuliza: "Si kuna invata?" Swali ni la haki, maana nyumbani kila mwenye sola anaijua invata. Hiyo hufanya kinyume cha konvata: inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kuwa 120. Matrela mengi, hasa ya zamani na ya bei nafuu, hayana kitu hicho. Yenye invata, mara nyingi inalisha soketi chache tu zilizochaguliwa, labda ya televisheni na moja ya jikoni, na ina swichi yake na breka yake. Kama soketi iliyokufa ni mojawapo ya hizo, angalia invata kabla ya kingine chochote. Majina mawili yanafanana na watu wameuziwa kisicho, wakarudi nyumbani na konvata wakitegemea kuchaji simu porini.

Tangu nguzoni hadi ukutani

Sasa tufuate njia. Umeme unatoka kwenye breka ya nguzo, unapita plagi, unapita waya mnene. Ukiwa na kifaa cha kinga unapita hapo pia; vingi vya maana hukata umeme ukishuka chini ya volti 104 au ukipanda kupita 132, na hapo utadhani nguzo imekufa kumbe kifaa kinakuokoa. Kisha unaingia kwenye bodi ya trela, unapita breka kuu, unagawanyika kwenye breka ndogo za ampia 15 au 20, na kutoka hapo unaelekea kwenye soketi ya kwanza. Soketi ya kwanza inaipa ya pili, ya pili inaipa ya tatu, kama ndoo za maji mstarini siku ya moto. Akilala mmoja, wote walio baada yake wanabaki mikono mitupu.

Kitu cha kushika hapo: soketi tatu za mwisho zikifa pamoja, kosa limo ama kwenye ya mwisho inayofanya kazi, ama kwenye ya kwanza iliyokufa, ama kwenye waya ulio katikati yao. Aliyenunua soketi mpya kwa ajili ya ile anayoitumia sana, kwa sababu ndiyo inayomuudhi, huenda anabadilisha isiyo na kosa.

Kwenye bodi, breka hudanganya kwa macho. Ikijikata, mara nyingi haishuki hadi chini. Inasimama katikati, ukiitupia jicho utaapa imewaka. Isukume kwanza hadi mwisho wa kuzima, usikie imekaa, kisha uirudishe. Watu huisukuma kidogo kwenda kuwasha, inalegea tena, wanasema "breka haina shida". Ikijikata tena papo hapo bila kitu chochote kuchomekwa, kuna shoti, na hapo usiendelee kuijaribu.

Kuhusu zile namba mbili zinazogawa matrela kwa plagi zao, ampia 30 na ampia 50, nitasema kwa ufupi, isipokuwa jambo moja ambalo siwezi kulipita haraka. Trela la ampia 30 lina plagi ya vidole vitatu na linapata volti 120 tu. Zidisha: wati 3,600 kwa nyumba nzima. Trela la ampia 50 lina plagi ya vidole vinne na mistari miwili ya laivu, kila mmoja ampia 50, jumla wati 12,000. Mstari mmoja ukipotea nguzoni, nusu ya trela linakufa na nusu linaishi, na mwenye nyumba anahangaika ndani kumbe kosa liko nje.

Jambo la kutopita haraka ni hili. Plagi ya ampia 30 ya trela, kwa ukubwa na umbo, inamkumbusha fundi wa nyumba ile ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni ya volti 240. Fundi asiyeyajua matrela huitwa kuweka soketi kwenye maegesho ya nyumba, anaona "30", anaunganisha 240. Nililiona trela moja siku moja baada ya hapo. Mikrowevu ilikuwa imetoa moshi, konvata imeiva, bodi ya kiyoyozi imekuwa nyeusi, na harufu ilikuwa bado imo kwenye mapazia. Familia ilikuwa imekuja kuwatembelea ndugu wa Houston kwa sikukuu. Kwa hiyo anayekwambia trela la ampia 30 ni la volti 240 "kwa sababu plagi ni kubwa", mkatalie mbele ya watu. Na soketi mpya kama hiyo ipimwe kwa mita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia volti, kabla trela halijaigusa.

Soketi yenye vitufe viwili

Tumrudie nesi wetu. Mikrowevu ilionyesha saa, breka zote alizizima na kuziwasha upya kama nilivyomwelekeza. Jikoni kimya. Nikamwambia aende bafuni, atafute soketi yenye vitufe viwili vidogo katikati, kimoja kimeandikwa TEST na kingine RESET.

"Ya bafuni inahusiana vipi na jikoni?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na ule uchovu wa mtu aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili.

Inahusiana. Ile ndiyo soketi ambayo Wamarekani huiita kwa herufi nne, GFCI. Umeme hutoka nayo kwenda kwenye soketi nyingine za sehemu zenye maji: jikoni, na ile ya nje ubavuni mwa trela. Moja inalinda zote zilizo baada yake. Ikijikata, zote zinakufa pamoja, na wala haikuachii ujumbe jikoni.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mchungaji anayejua kazi huhesabu mbuzi asubuhi wakitoka zizini na jioni wakirudi. Wametoka 40, lazima warudi 40. Wakirudi 39 hakuna kulala, mmoja ameingia shambani kwa mtu. Soketi hii inahesabu umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikilingana, sawa. Vikipishana kwa kama miliampia 5, ina maana kuna umeme unaopita njia nyingine, pengine kwenye maji, pengine kwenye mwili wako, na inakata kabla hujamaliza kushtuka.

Miliampia 5 ni kidogo kiasi gani? Balbu ya wati 60 hapa Marekani inakula miliampia 500. Chukua moja ya mia ya umeme wa balbu hiyo. Breka ya ampia 15, kwa upande wake, inangoja miliampia 15,000 zipite ndipo ianze kufikiria kujikata. Breka inalinda waya usiungue. Haikulindi wewe, na hili hata mafundi wengine hulisahau.

Kipimo hicho hakikuokotwa. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miaka akipima kwa watu waliojitolea ni umeme kiasi gani mkono unaweza kuushika na bado ukaweza kuachia. Kwa wastani alipata miliampia 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Zaidi ya hapo misuli inajikaza, mkono hauachii. Mwaka 1961 akatengeneza kifaa kinachokata chini ya kiwango hicho. Nyumbani tuna ndugu yake kwenye bodi kuu, ile kinga ya umeme unaovuja ya miliampia 30 inayozima nyumba nzima mtu anapochomeka pasi mbovu. Ya Kimarekani ni nyepesi zaidi kushtuka, na inakaa ukutani, hivyo mtu hajui aitafute wapi. Kwenye trela la dada yule ilikuwa nyuma ya kikapu cha taulo.

Akabonyeza RESET. Nilisikia kwenye simu: ta! Kisha ta! nyingine papo hapo.

"Imekataa kaka."

Ikikataa, jibu lina maana mbili, na watu huzichanganya. Kama kitufe ni kilegevu, hakishiki kabisa, hakuna hata mlio, huenda umeme haujafika kwenye soketi yenyewe: soketi nyingi za siku hizi zinakataa kuwashwa zikiwa hazijafikiwa na umeme. Nyingine zimezeeka: zinazotengenezwa tangu katikati ya 2015 hujipima zenyewe na zikijiona mbovu hukataa kufanya kazi. Lakini kitufe kikishika kisha kikaruka mara moja, soketi ni nzima na inakwambia kuna mbuzi hajarudi. Kuibadilisha hapo ni kumfukuza mchungaji kwa kosa la kuhesabu vizuri.

Nikamwambia achomoe kila kitu jikoni, birika, blenda, chaja ya simu. Akabonyeza tena. Ikaruka tena. Basi kinachovuja si kifaa chake, ni waya au soketi iliyo baada ya ile ya bafuni. Zile za jikoni zilikuwa kavu. Imebaki moja.

"Nje, chini ya turubai, una soketi?"

"Ninayo, ila siitumii kamwe."

Usiku ule alichemsha chai kwa jiko la gesi.

Nilifika asubuhi. Kifuniko cha soketi ya nje kilikuwa kimevunjika bawaba, kinaning'inia kwa upande mmoja kama kope la mtu mwenye usingizi. Ndani ya tundu la athi kulikuwa na tone la maji, nyuma yake utando wa buibui ulionasa mchanga, na shaba imegeuka rangi ya kijani. Jua lilikuwa limeshapiga upande ule tangu alfajiri. Dada akaenda bafuni, akabonyeza RESET, na ikashika! Jikoni birika likaanza kuunguruma.

"Imepona yenyewe," alisema.

Hapo ndipo wengi huishia, na mvua inayofuata wanaanza upya. Soketi ikikauka inanyamaza, haijapona. Nilizima breka ya nguzo, nikachomoa waya wa trela, nikaifungua.

Kabla ya bisibisi

Nieleze nilichofanya kabla ya kugusa waya, kwa sababu hapa ndipo fundi wa kwetu anapoweza kuumia kwa ujuzi wake mwenyewe. Nyumbani, nyumba za zamani zina laivu nyekundu na nyutro nyeusi. Za siku hizi laivu kahawia na nyutro buluu. Marekani laivu ya kawaida ni nyeusi, nyutro ni nyeupe, athi ni kijani au shaba tupu. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya zamani Tanga ana mkono unaojua kwamba nyeusi haina neno. Hapa nyeusi ndiyo inayoua. Na kwa kuwa mambo hayajatosha, upande wa volti 12 wa matrela mengi nyeusi ni chanya na nyeupe ni hasi. Rangi hiyohiyo, kazi mbili. Usiamini rangi, amini mita.

Testa pia ina mipaka. Ile ya bisibisi yenye kitaa kidogo, au ile ya kisasa inayolia ukiisogeza karibu, inakwambia laivu ipo. Haikwambii kama nyutro ipo. Soketi ambayo nyutro yake imekatika italia testa vizuri kabisa na haitachemsha hata kikombe kimoja. Fundi anasema umeme upo, mwenye nyumba anasema haupo, na wote wawili wanasema kweli.

Mita ya kawaida ya dukani inamaliza ubishi. Iweke kwenye volti za umeme wa nguzo, si za betri. Tundu jembamba la soketi ya Marekani ni laivu, lile refu kidogo ni nyutro, la mviringo ni athi. Jembamba na refu zikupe karibu 120. Jembamba na mviringo nazo karibu 120. Refu na mviringo zikupe sifuri au karibu yake. Ukipata sifuri kati ya jembamba na refu lakini 120 kati ya jembamba na mviringo, nyutro imekatika. Ukipata sifuri kila mahali, laivu haijafika, rudi nyuma kwenye mnyororo. Ukipata 120 kati ya refu na mviringo na sifuri kati ya jembamba na mviringo, mtu amegeuza waya, na soketi hiyo itafanya kazi huku ikiwa hatari.

Ukifungua soketi ya trela jiandae kushangaa, maana nyingi hazina skrubu za waya wala kisanduku nyuma. Ni kipande kimoja cha plastiki, na waya umebanwa kwenye meno madogo ya chuma yanayotoboa ganda lake. Kiwandani ni kazi ya sekunde chache. Barabarani, baada ya maelfu ya maili za kutikisika, waya hulegea kwenye meno, unagusa na kuacha, unapata joto. Hapo ndipo hita ya kuotea moto inapomalizia. Hita ya wati 1,500 kwa volti 120 inavuta ampia 12.5, nyumbani kwa volti 230 ingevuta kama 6.5. Volti zikiwa nusu, mkondo unakuwa mara mbili, na mkondo ndio unaopasha waya. Soketi iliyobadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, au yenye harufu ya samaki mbovu, imeshaiva. Hiyo ndiyo soketi ambayo kweli imekufa na inastahili kubadilishwa, pamoja na kipande cha waya kilichoungua.

Wengine wanaegesha trela nyumbani kwa ndugu na kuchomeka kwenye soketi ya gereji kwa adapta, na soketi ya gereji inajikata kila mara. Mara nyingi hiyo nayo ni ya vitufe. Ndani ya trela nyutro na athi hazitakiwi kugusana popote. Mahali pake pa kuungana ni kwenye umeme mkuu wa nyumba au kambi. Zikigusana ndani, mbuzi wengine wanarudi kwa njia ya uani, na hesabu haitoki. Sababu nyingine ya mara kwa mara ni koili ya kuchemshia maji iliyowashwa tangi likiwa tupu, ikaungua na kuanza kuvuja. Zima breka ya maji moto kwanza, ujaribu tena.

Kuna dalili moja inayofuta haya yote. Ukisimama chini na kugusa kitasa cha mlango au ngazi ya trela ukahisi sisimizi wanatembea mkononi, achana na soketi. Bati lote la trela lina umeme, na athi haifanyi kazi. Zima breka ya nguzo bila kugusa trela tena, chomoa, weka watoto mbali, na uite fundi aliyesomea. Mita yako isikupe ujasiri hapo.

Kwa dada yetu kazi ilikuwa ya nusu saa. Nilikata waya mahali palipokuwa na kijani, nikaweka soketi ya kuhimili mvua na kifuniko kinachofunga hata plagi ikiwa ndani. Nikamwagia kifuniko maji ya kopo tukingojea bafuni paruke. Hapakuruka. Nikabonyeza TEST, jikoni pakazima, RESET, pakawaka.

Ile soketi mpya aliyoinunua haikufaa hata kwa nje, ilikuwa ya ndani ya nyumba. Bahati nzuri risiti alikuwa nayo, akairudisha dukani alipokuwa akienda zamu ya jioni.